Tumefukua choo cha zamani nyumbani kwa babu Pangani. Kweli wataalamu huchimba vyoo?

Mjukuu_Pangani

Salaam wana jukwaa. Nina swali, naomba msinicheke kabla hamjamaliza kusoma.

Nyumba ya babu yetu iko Pangani mjini, zile za mawe na chokaa. Mlango wa kuchonga uliuzwa zamani, paa limebaki nusu. Ukoo umekubaliana tujenge vyumba viwili vya kupangisha uani. Jumamosi mafundi walikuwa wanachimba msingi, wamefika kama futi nne, sururu ikazama ghafla. Kumbe chini kuna shimo la mviringo, limejengewa mawe ya matumbawe, limejaa udongo mweusi laini, tofauti kabisa na mchanga wa pembeni. Mjomba akaitwa, akachungulia, akasema: "Hicho choo cha bibi zenu. Fukieni, msogeze msingi."

Kabla hatujafukia vijana walikuwa wameshatoa ndoo sita. Humo tumekuta vipande vya bakuli jeupe lenye maua mekundu na kijani, nusu ya kitana cha pembe, vifungo vitatu, na chupa nene ya kijanikijani ambayo sijawahi kuona mfano wake. Shingo imeminywa kama mtu kaibana kwa vidole ikiwa bado ya moto, na mdomo umevunjwa.

Sasa shemeji yangu anasema aliona kwenye runinga Wazungu wanachimba vyoo vya kale kwa brashi, wanashangilia kana kwamba wamepata dhahabu. Mjomba anasema huo ni uzushi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mtu mwenye digrii yake anajifunza nini ndani ya shimo la mavi?

Kapteni_Chumvi

Anajifunza kwamba na wao walikula. Swali lingine?

BiMchekeche

Mwanangu Mjukuu, ni kweli, na mimi mwenyewe nimeifanya kazi hiyo. Kapteni, wewe cheka tu, nitakurudia.

Mimi kwetu Malindi. Nilikwenda kusoma akiolojia katika mji wa York, Uingereza, kichwani nikiwa na panga za Waviking, wale mabaharia wapiganaji wa kale wa Skandinavia, na sarafu za fedha. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa ilikuwa ndoo ya tope kutoka choo cha shimo cha zama za kati. Nilipompigia mama simu akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Umepanda ndege kwenda kuosha mavi ya watu?" Sikuwa na jibu. Leo ninalo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Tope hulowekwa, halafu huoshwa juu ya chekeche lenye matundu ya nusu milimita. Maji ni ya bomba, ya baridi ya kule, vidole vinakufa ganzi. Kinachobaki hutandazwa kwenye sinia, unakaa na kibano na hadubini, unachambua punje kwa punje kama anayechagua mchele wenye mawe. Wadudu tuliwatoa kwa mafuta ya taa, haya haya ya kibatari: ukiyachanganya na tope lililooshwa, mabawa na maganda ya mbawakawa hushikana na mafuta, yanaelea juu, unayamimina. Siku ya kwanza nilijiandaa kwa uvundo. Kumbe harufu niliijua tangu utotoni: ni ile ya tope la mikoko maji yakipwa. Niliikumbuka Mida, hori la mikoko karibu na kwetu, nikiwa katikati ya York, na mwalimu wangu akadhani nalia kwa kinyaa.

Kwa nini vitu havijaoza miaka mia nane, mia tisa? Kwa sababu shimo lililojaa maji halina hewa, na vijidudu vya kuozesha vinahitaji hewa. Mbegu inabaki na ngozi yake. Penginepo, pasipo na maji ya kutosha, chumvi za fosfati na chokaa zilizomo shimoni huingia ndani ya mbegu na kuigeuza kijiwe, umbo lake likabaki vile vile.

Kwenye sinia kulikuwa na nini? Kwanza pumba za ngano na shayiri, nyingi ajabu, zimepita tumboni na kutoka. Ndani ya pumba, vipande vyeusi vya ganda la mbegu ya gugu liotalo ngano­ni, gugu lenye sumu. Watu wa York walikuwa wakisaga gugu pamoja na nafaka na kula mkate wenye sumu kidogo kila siku. Walioandika habari za mji hawakuliona la kuandikwa. Halafu kokwa za tunda dogo chungu la porini, jamii ya plamu. Wakizimeza nzima nzima. Vipande vya kitovu cha tofaa. Mifupa midogo ya samaki imepondekapondeka kwa meno. Na kuvumwani, vile vijimajani laini vinavyoota kama zulia kwenye mawe yenye unyevu, lundo la kuvumwani, ambalo kwa muda sikulielewa mpaka nikaambiwa ndilo walilojipangusia. Sisi tuliolelewa kuchamba kwa maji na kata tulipata la kuzungumza jikoni siku hiyo.

Sehemu ya mwisho ni hadubini ya nguvu zaidi, kwa mayai ya minyoo. Yai la minyoo mjeledi lina umbo la ndimu, na kizibo kila ncha. Ukishaliona mara moja hulisahau. Katika tone moja la tope unaweza kuyahesabu kwa makumi. Tajiri na maskini, wote walikuwa nayo.

York ndipo kilipopatikana pia kile kimbwanga chao maarufu, kinyesi kimoja cha mtu wa zama za Waviking kilichogeuka jiwe. Kilifukuliwa mwaka 1972 pahali palipokuwa panajengwa benki. Urefu wake sentimita 20, upana 5. Mwenyewe alikula zaidi nyama na mkate, tumbo lake lilijaa mayai ya minyoo. Kimewekwa makumbusho ndani ya kioo. Mwaka 2003 kilianguka kikavunjika vipande vitatu, wakakigundisha. Kapteni, hicho "walikula" chako kilipata mafundi wa kukiunga.

Sasa mwanangu nisikilize. Usifukie bado, na usitupe kitu. Nataka mambo matatu: geuza vipande vya bakuli, kipo chenye alama chini ya kitako? Chupa, ndani ya shingo kuna kijigololi cha kioo au hakuna? Na udongo uliotoka, ulikuwa mweusi tangu juu hadi chini au umepangana rangi rangi?

FundiShimo

Nimefurahi kuona kazi yangu kumbe ni usomi. Mimi nachimba na kupakua vyoo Mbagala, huu mwaka wa kumi na tisa. Naomba niongeze ya shambani.

Watu hudhani kilichomo ni kile kile kimoja. Siyo. Nimetoa simu nyingi hadi nimeacha kuhesabu, meno ya bandia, funguo, hirizi, kisu kimefungwa kitambaa, chupa za konyagi nyumbani kwa mzee ambaye mtaa mzima unajua hanywi. Nilitoa pia pete ya ndoa ambayo mwenye nyumba alikataa kuwa ni yake, mkewe akiwa amesimama pale pale. Kitu kikitumbukia, mara nyingi hakifuatwi. Kingine hakikutumbukia, kilitumbukizwa.

La pili: shimo halijai lote kwa haja. Likishakaribia mdomo, au mwenye nyumba akishachimba jipya, la zamani linafanywa jalala. Linamwagiwa majivu, vyungu vilivyovunjika, mabati, halafu kifusi. Kwa hiyo Mjukuu, hivyo vyombo vya juu ni vya siku za mwisho za choo, siyo vya siku za mwanzo.

La tatu, na hili siyo utani. Usiingize mtu humo. Shimo lililofungwa miaka huweka hewa mbaya na kingo zake zinamung'unyika. Nimemzika mwenzangu kwa shimo la futi kumi tu. Na mnawe mikono kwa sabuni, udongo wa choo hata ukiwa mkavu una yake.

BiMchekeche

Fundi, ungekuwapo York ungemfundisha mwalimu wangu. Hayo ya tabaka ndiyo somo la kwanza, na wengine hulielewa mwaka wa pili.

Nikupe mfano wa hilo unalosema. New York kulikuwa na mtaa ulioitwa Five Points, makazi ya wahamiaji, Waayalandi wengi, Wajerumani, Wayahudi wa Polandi, Waafrika Waamerika waliokuwa huru. Magazeti ya karne ya 19 yaliuchora kama shimo la uchafu, ulevi na mauaji. Charles Dickens alipita hapo mwaka 1842 akausema vibaya, na maneno ya Dickens yakibandikwa mahali hayabanduki. Mwaka 1991, palipokuwa panaandaliwa pa kujengwa mahakama, wanaakiolojia walichimba nyua za nyuma za nyumba hizo. Vyoo na visima vya kale vikatoa vitu 850,000 hivi. Maji ya bomba yalipoingia mjini na vyoo vya shimo vikaachwa, watu walivifanya majalala, sawasawa na ulivyoeleza.

Wakakuta nini? Seti za chai za kauri. Vyungu vya maua. Vitu vya kuchezea watoto. Mifupa ya nyama ya vipande vya kununua buchani. Sindano, vitambaa na vifungo vya washonaji waliokuwa wakishona majumbani. Watu waliofanya kazi, waliotandika meza, walioweka kitu kizuri dirishani. Ulevi ulikuwapo, sikatai, lakini nao ulikuwa na majibu yake: kikombe kimoja cha chai kina picha ya Padri Mathew, Mwayalandi aliyewahimiza watu kuacha pombe. Mtu alikinunua, akakitumia, kikaishia huko.

Sehemu kubwa ya mkusanyo ule ilihifadhiwa katika chumba cha chini cha jengo mojawapo la World Trade Center. Tarehe 11 Septemba 2001, majengo hayo yaliposhambuliwa, ukapotea. Vikabaki vitu 18, kwa kuwa vilikuwa vimeazimwa kwa maonyesho. Kikombe cha padri ni kimojawapo. Vile vilivyopotea vilikaa salama zaidi ya miaka mia chooni, havikumaliza hata kumi ghalani.

Kuhusu kutumbukiza: Philadelphia, mahali palipojengwa Makumbusho ya Mapinduzi ya Marekani, walifungua mashimo kumi na mawili ya namna hii kati ya 2014 na 2016. Moja lilikuwa nyuma ya nyumba ya Benjamin na Mary Humphreys. Lilikuwa limejaa bilauri, mitungi ya kunywea, viko, na bakuli kubwa la pombe lenye picha ya merikebu na maneno ya kuitakia heri. Vingi mno kwa familia moja. Ukienda kwenye kumbukumbu za mji unakuta Mary Humphreys alikamatwa mwaka 1783 kwa kuendesha nyumba ya vurugu. Yaani kilabu bila leseni. Barazani nyumba ya heshima, uani shimo linasema mengine. Ni yule mzee wako wa konyagi, Fundi, ila wa miaka mia mbili na arubaini.

Msomaji_Mkimya

Nimesoma kwa makini, na nina shaka. Choo ni stara. Mtu akiingia msalani hata salamu haitikii. Leo mnachukua siri za marehemu, mnazipima, mnaziweka kioo watoto wa shule wapite wakicheka. Hawawezi kujitetea. Na minyoo yao inatusaidia nini sisi?

BiMchekeche

Ndugu Msomaji, swali lako nimelilala nalo usiku kucha, maana si geni kwangu.

Sitakuficha. Five Points, katika choo cha nyumba iliyokuwa danguro, walikuta mifupa ya watoto wachanga. Nilipoisoma ripoti hiyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatoka nje. Kuna mwanamke, au wanawake, waliobeba jambo hilo peke yao gizani, wakijua hakuna atakayejua. Na sisi tukajua. Nimewahi kusikia mtu akilieleza darasani huku anakula biskuti. Hapo nakubaliana na wewe moja kwa moja. Pamoja na hayo, shimo lile lile lilitoa vifaa vya wanawake hao vya kujitibu, vya chai, vya kushonea. Polisi na magazeti waliwaandika kwa neno moja tu. Siwezi kusema tulikosea kulifungua. Nasema tungefungua kwa adabu zaidi.

Ama minyoo. Kaskazini magharibi ya China, karibu na Dunhuang, kulikuwa na kituo cha wasafiri wa serikali kiitwacho Xuanquanzhi, kwenye Njia ya Hariri, ile njia ya kale ya misafara ya biashara, kimetumika tangu mwaka 111 kabla ya Kristo hadi mwaka 109 baada yake. Jangwa kavu. Chooni mlikuwa na vijiti vilivyozungushiwa kitambaa nchani, vya kujipangusia, na kitambaa bado kimechafuka. Wataalamu walipovipima, taarifa yao ikatoka 2016, walikuta mayai ya minyoo ya ini ambayo haiishi jangwani kabisa. Inahitaji maji mengi, konokono na samaki wabichi. Eneo la karibu inakopatikana ni kiasi cha kilomita 1,500 kutoka hapo. Basi kuna mtu aliyetoka na ugonjwa wake tumboni, akasafiri nao umbali huo wote, akapitia kituoni kwenda haja. Tulikuwa tukisema magonjwa yalisafiri na misafara kwa kukisia. Kijiti kile kimemleta msafiri mwenyewe.

Wala stara si ya namna moja kila mahali. London walipata ubao wa choo wa mwaloni, wa karne ya 12, uliokuwa ukingoni mwa mto Fleet. Una matundu matatu. Yamekatwa kwa shoka, hayalingani. Watatu wakae kiti kimoja, bega kwa bega, wanaongea! Wenye jengo hata majina yao yapo kwenye hati: John de Flete, mtengeneza kofia, na mkewe Cassandra. Nikiuona ubao ule nawaza tu, ni nani alikaa katikati.

Mjukuu_Pangani

Bi, shikamoo. Kabla sijajibu maswali yako: na huku kwetu je? Au ni Wazungu na Wachina tu waliokwenda haja?

BiMchekeche

Marahaba. Nilikuwa nangoja mtu aulize.

Nenda Gede, karibu na kwetu, mji wa mawe ulioachwa katika karne ya 17. Mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuuchimba mwaka 1948. Nyumba zake alizipa majina kwa vitu alivyovikuta ndani: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Ningekuwa mimi ningezipa majina kwa vyoo vyake, maana ndivyo vilivyonishangaza tangu nilipopelekwa na shule nikiwa darasa la sita. Choo ki ndani ya nyumba. Shimo limejengewa mawe, juu tundu la kuchuchumaa, na pembeni kibaraza cha kuwekea maji ya kuchamba. Mtu anaingia, anakidhi haja, anajisafisha kwa maji, anatoka, bila kuonekana na jirani. Karne ya 15 hiyo. Linganisha na ule ubao wa matundu matatu, halafu niambie kuvumwani ni kwa nani.

Songo Mnara, kusini huko Kilwa, ni vivyo hivyo: majumba ya karne ya 14 na 15 yenye vyoo vyake ndani.

Lakini hapo ndipo penye kasoro kwa sisi wa chekeche. Jiwe la matumbawe hunyonya maji, pwani ni joto, hewa inapita. Tope la York lilihifadhi hata ngozi ya tofaa. Shimo la Gede limebakiza kauri, shanga, mifupa ya samaki, na mbegu kama ziliungua mkaa. Vile laini vilishakwenda. Kwa hiyo kwetu choo hukueleza zaidi kwa ujenzi wake: kiko wapi ndani ya nyumba, nani alipita wapi kukifikia, mgeni alijisafishia wapi na wenyeji wapi. Nyumba za Lamu hadi leo zinakufundisha hilo, na birika lake la maji lenye visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu. Bibi yangu alivipa majina visamaki vyake.

Haya, nijibu yangu sasa.

Mjukuu_Pangani

Nimerudi Pangani jana. Mjomba kanuna lakini kakubali tungoje.

Bakuli: kipande cha kitako kina mnyama amelala, mwili wa simba, kichwa cha mtu. Chini yake herufi zimefutika, nasoma "...STRICHT".

Chupa: hakuna gololi. Shingo ina ile minyo, na juu yake imevunjwa, lakini Bi, haijavunjika ovyo. Imegongwa upande mmoja.

Udongo: juu kifusi cha chokaa kama futi moja, halafu majivu, halafu bakuli na vifungo, halafu mweusi mtupu. Chupa ilitoka kwenye weusi, chini zaidi ya bakuli. Hatukuendelea. Ushauri wa Fundi tumeuzingatia, hakuna aliyeingia.

BiMchekeche

Mwanangu, macho unayo.

Mnyama huyo ni sphinx, na neno ni Maastricht, mji wa Uholanzi. Ni alama ya kiwanda cha Petrus Regout. Kiwanda kilianza miaka ya 1830, alama hiyo wakaanza kuipiga mwishoni mwa miaka ya 1870. Bakuli zao za maua ya kugonga kwa sponji zilimiminika pwani yetu yote, Zanzibar, Lamu, mpaka huko kwenu. Ndizo zilizopangwa kwenye zidaka za ukutani ili mgeni azione. Kwa hiyo hilo si chombo cha kutupwatupwa hovyo. Likivunjika nyumbani, lilisikika.

Chupa yako ni ya soda ya gololi. Aliyeibuni ni Mwingereza, Hiram Codd, miaka ya 1870. Ndani ya shingo mlikuwa na gololi ya kioo. Gesi ya soda yenyewe ilikuwa ikiisukuma juu, inabana mpira mdomoni, soda haitoki. Ukitaka kunywa unaisukuma gololi chini, ile minyo ya shingo inaizuia isirudi ukimimina. Chupa zilitakiwa kurudishwa dukani zijazwe tena. Ila kila mtoto alijua mle ndani mna gololi, na njia ya kuipata ni moja: gonga shingo. Umesema imegongwa upande mmoja. Umesema imekutwa chini kabisa, kwenye weusi, siyo kwenye jalala la juu. Maana yake ilitumbukizwa choo kikiwa bado kinatumika. Mimi naona kijana mwenye gololi mfukoni na ushahidi wa kuuficha, lakini hilo ni macho yangu, kwenye ripoti nisingeliandika.

Mambo ya sheria: Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 ya Tanzania inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863. Hivi vyako ni vya baadaye. Hata hivyo shimo lenyewe linaweza kuwa la zamani kuliko kilichomo juu, nanyi hamjafika chini. Waambieni watu wa mambo ya kale kabla ya kuendelea, na msogeze msingi kama alivyosema mjomba. Alikuwa sahihi kwa hilo.

Nyumbani yupo mtu mzima wa kuulizwa?

Mjukuu_Pangani

Yupo bibi mdogo, dada yake babu wa mwisho kuzaliwa, ana miaka themanini na nane. Macho hafifu, kumbukumbu kali. Leo asubuhi nimempelekea vitu kwenye ungo.

Chupa kaipapasa, akasema hizo alizikuta, soda yake ilikuwa inawasha puani, na kwamba kaka zake walikuwa na gololi nyingi kuliko watoto wa mtaa wote na baba yao hakuelewa zinatoka wapi. Akairudisha kwenye ungo.

Bakuli akalishika muda mrefu. Akapitisha kidole kwenye ua. Akavuta kanga akajiziba mdomo, mabega yakawa yanatikisika, nikadhani analia. Anacheka. "Hili tulisema kavunja paka," akaniambia. Kumbe ni yeye na binamu yake, walikuwa wanacheza kibe ndani mchana wakati wakubwa wamelala. Vipande wakavibeba kwenye kanga, wakavitosa choo cha zamani kilichokuwa kinafukiwa. Mama yao alipokiona kidaka kitupu ukutani, wakamsingizia paka. Paka akatiwa kikapuni akavushwa mto kwenda kutupwa Bweni.

Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba kuna mtu chumba cha pili: "Nani mwingine ameliona?"

Kapteni_Chumvi

Nafuta kauli yangu ya kwanza. Paka aombwe radhi.

BiMchekeche

Mjukuu, hayo yaandike leo, kwa maneno yake bibi mwenyewe, utie na tarehe aliyokusimulia, karatasi uiweke mfuko mmoja na vipande. Miaka yote ya chekeche na hadubini, mimi sijawahi kumpata paka.